Tangi la Mkono wa Pili Lililokaa Tupu: Namna ya Kulirudisha Kazini



Vikundi vingi vya kujisaidia huanza mradi wa maji kwa njia moja. Wanachama huchanga kidogo kidogo, halafu siku moja mtu analeta habari: "Kuna tangi linauzwa mahali, bei nzuri." Pesa zinatolewa, mkokoteni unakodishwa, tangi linaletwa. Pengine tangi hilo lilikuwa limekaa nyuma ya ghala miezi sita. Pengine ni la kikundi chenyewe, lililoachwa tupu tangu bomba la mtaa lilipokauka, au tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoingia Mathare na Mukuru, watu wakahama na vitu vyao vikabaki kwenye matope. Sasa kikundi kinataka kuanza tena kuuza maji kwa mtungi.

Hapo ndipo tunasikia maneno haya: "Si ni tangi tu? Tumwage maji ndani, tukoroge, tumwage nje, tuendelee na kazi."

Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini hiyo haitoshi, na nini kifanywe. Kazi yenyewe si ngumu. Haihitaji mtaalamu kutoka mbali wala pesa nyingi. Lakini ina mpango wake, na ukiruka hatua moja, zile nyingine huwa ni kazi bure.

KWA NINI MATANGI NI MENGI HUKU KWETU

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Mvua ikikosekana kule, bwawa hushuka na sisi wa Dandora, Kayole, Umoja na Kariobangi tunajua mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 2017 bwawa lilishuka sana na jiji likawekwa kwenye mgao wa maji. Mtaro wa chini ya ardhi wa kuongeza maji kutoka mito ya Murang'a ulifunguliwa mwaka 2022, lakini mgao haujaisha. Mitaa mingi bado hupata maji siku chache tu kwa wiki.

Kwa hivyo tangi kwetu si mapambo. Ndilo linalotuvusha kutoka siku ya maji hadi siku nyingine ya maji.

Lakini mgao una jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Maji yanapokuwa ndani ya bomba kwa nguvu, yanasukuma nje. Uchafu hauwezi kuingia. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu au nusu, na mahali penye ufa bomba linaweza kuvuta ndani kile kilichopo nje. Kama bomba limepita kando ya mtaro wa maji machafu, basi tunajua kilichopo nje ni nini. Ndiyo sababu maji ya kwanza baada ya kukatika huja na rangi ya chai. Maji hayo yakiingia kwenye tangi letu, uchafu hutulia chini na kubaki hapo.

Nairobi ilipatwa na mlipuko wa kipindupindu mwaka 2017, na kuanzia Oktoba 2022 ugonjwa huo ulirudi na kuenea katika kaunti nyingi za Kenya. Kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Tangi moja la jumuiya huhudumia nyumba nyingi. Likiwa safi, limewasaidia wote. Likiwa chafu, nalo linawafikia wote.

KWANZA: TANGI HILI LILIBEBA NINI?

Kabla ya kutoa pesa, au kabla ya kumwaga hata ndoo moja ya maji, ulizeni swali hili. Kikundi kisione haya kuuliza.

Karibu na Industrial Area na Gikomba huuzwa mapipa na matangi ya plastiki yaliyotumika viwandani. Yapo yale meupe ya mraba ya lita 1000, yaliyozungushiwa kizimba cha chuma. Mengine yalibeba maji ya matunda au mafuta ya kupikia. Mengine yalibeba dawa za wadudu, rangi, tindikali au mafuta ya mashine. Kwa macho, yote yanafanana.

Plastiki haifanani na sufuria. Sufuria ukiisugua, uchafu unatoka. Plastiki hunywa baadhi ya kemikali, nazo huingia ndani ya ukuta wake na kutoka polepole kwa muda mrefu. Sabuni haiwezi kuzifikia. Klorini nayo huua vijidudu. Haiondoi sumu ya kemikali.

Angalieni mambo haya:

• Karatasi au alama iliyobandikwa ubavuni. Mkiona alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye fuvu, moto, au samaki na mti waliokufa, acheni tangi hilo.
• Mahali karatasi ilipobanduliwa. Ulizeni kwa nini ilibanduliwa.
• Harufu. Fungeni kifuniko, acheni tangi juani saa chache, halafu mfungue na kunusa kwa mbali kidogo. Harufu ya dawa, rangi au mafuta ya taa ikitoka, hapana.
• Jibu la muuzaji. Akisema "Hata mimi sijui," basi na nyinyi hamjui. Tangi lisilojulikana lilibeba nini lisitumike kwa maji ya kunywa wala ya kupikia.

Wahenga walisema cha rahisi ni ghali. Tangi la bei ya chini lililobeba dawa ya wadudu ni ghali kuliko jipya, kwa maana gharama yake italipwa na watoto.

PILI: MAHALI LITAKAPOSIMAMA

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo tangi la lita 1000 likijaa ni tani nzima, na la lita 5000 ni tani tano. Tangi likiwa tupu vijana wawili hulibeba wakicheka, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kama limeinuliwa juu ya mbao au vyuma ili maji yashuke kwa nguvu, mwiteni fundi aangalie kama mbao zimeoza au vyuma vimeshikwa na kutu wakati tangi lilipokuwa tupu. Mafuriko nayo huondoa udongo chini ya nguzo bila mtu kuona. Watoto hupenda kucheza chini ya tangi kwa sababu pana kivuli.

Tangi la plastiki likae juu ya sakafu tambarare iliyo imara, na kitako chake chote kiguse. Likikaa juu ya mawe mawili matatu, litapasuka kitako.

TATU: KUKAGUA NA KUOSHA

Chagueni siku ambayo mna maji mengine ya kutumia. Waelezeni wateja mapema. Halafu fuateni mpango huu:

1. Fungeni valvu ya maji yanayoingia. Fungueni mfereji wa chini kabisa na mwage yote yaliyobaki ndani.

2. Angalieni ndani kwa tochi. Tafuteni mchanga, majani, mende, panya aliyekufa, na ule utelezi wa kijani au wa kahawia ukutani. Utelezi huo ndio adui mkubwa. Vijidudu hujificha ndani yake, na klorini ikija huishia kwenye utelezi kabla haijawafikia.

3. Sugueni kuta, kitako na upande wa ndani wa kifuniko kwa brashi yenye mpini mrefu, maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Msitumie brashi ya waya. Hukwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya utelezi. Msitumie brashi iliyowahi kuosha choo.

4. Suuzeni mara mbili au tatu mpaka povu liishe kabisa.

Hapa tunataka kusema jambo kwa nguvu. Msimwingize mtoto ndani ya tangi. Tumeona watoto wakitumwa kwa sababu mdomo wa tangi ni mdogo na wao ni wadogo. Ndani ya tangi lililofungwa kwa muda mrefu hewa inaweza kuwa mbaya, na mtu huzimia bila kupiga kelele. Kama tangi ni kubwa na lazima mtu mzima aingie, liachwe wazi kwanza lipate hewa ya kutosha, na mwingine asimame mdomoni akiongea naye wakati wote. Akinyamaza, yule wa nje asiingie peke yake kumfuata, aite watu. Na mtu asiingie kamwe ndani ya tangi lililowekwa klorini. Kwa matangi madogo, brashi ya mpini mrefu inatosha.

Mkimaliza, kagueni sehemu ndogo ndogo. Boya linalofunga maji tangi likijaa, je, linapanda na kushuka? Likikwama, maji yatamwagika usiku kucha na bili itakuwa yenu. Mpira wa ndani ya mifereji hukauka na kupasuka ukikaa bila maji. Ubadilisheni, bei yake ni ndogo. Kifuniko kifunge vizuri. Bomba la kupunguzia maji yanayozidi lifungwe wavu mwembamba mdomoni, mbu na panya wasipite. Tangi likiwa jeupe linalopitisha mwanga, lipakeni rangi nyeusi kwa nje au mlifunike, kwani mwanga ndio unaootesha ule ukijani.

Kama mna pampu, msiiwashe ikiwa kavu. Ijazeni maji kwanza kupitia tundu lake la juu, kisha iwasheni. Pampu inayozunguka bila maji huungua. Na pampu ivute maji kutoka tangi la chini, isivute moja kwa moja kutoka bomba la kampuni ya maji. Kufanya hivyo kunakatazwa, kunawanyima majirani, na kunavuta uchafu wa nje kuingia bombani kwa njia ile tuliyoieleza.

NNE: KUUA VIJIDUDU

Tangi lililooshwa linapendeza macho, lakini bado si salama. Sasa ndipo klorini inaingia.

Dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ile inayouzwa kila duka, inafaa. Someni karatasi ya chupa. Iwe ni ile ya kawaida isiyotiwa manukato wala sabuni, na isiwe imepita tarehe, kwa kuwa klorini hupungua nguvu ikikaa. Kipimo tunachotoa hapa ni cha dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5.

Njia ya kwanza, kama maji yapo ya kutosha. Jazeni tangi nusu, mimineni dawa, kisha jazeni hadi juu ili ichanganyike:

• Tangi la lita 500: robo tatu ya lita ya dawa
• Tangi la lita 1000: lita moja na nusu
• Tangi la lita 2000: lita 3
• Tangi la lita 5000: lita 7 na nusu

Halafu fungueni kila mfereji, mmoja mmoja, mpaka harufu ya klorini isikike, kisha ufungeni. Msisahau hatua hii. Vikundi vingi huosha tangi na kusahau bomba, na maji safi yakipita kwenye bomba chafu hufika mtungini yakiwa machafu. Acheni yote hivyo kwa saa 24. Fungeni mifereji kwa kamba au kitambaa na mwandike kwa herufi kubwa: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Mtu mmoja awe mlinzi, maana kuna watoto wasiojua kusoma.

Baada ya saa 24 nuseni tena. Harufu ya klorini ikiwa imekwisha kabisa, maana yake bado kulikuwa na uchafu ulioimaliza. Rudieni kusugua, na mweke dawa upya.

Njia ya pili ni kwa wakati wa mgao, wakati hatuwezi kumwaga tangi zima. Changanyeni nusu kikombe cha dawa, yaani mililita 125, katika ndoo ya lita 20. Mkiwa nje ya tangi, pakeni kuta zote za ndani kwa brashi safi ya mpini mrefu, na kuta zibaki zimelowa kwa nusu saa. Tengenezeni ndoo nyingine mbili tatu, mzimwage ndani, mfungue kila mfereji mpaka harufu ifike, kisha mfunge. Bomba zikae na dawa hiyo kwa muda wa saa 3. Halafu suuzeni.

Anayeshika dawa avae glavu na afunge macho kwa miwani kama ipo. Dawa hii isichanganywe kamwe na dawa ya choo, tindikali au amonia. Hutoa hewa ya sumu. Kama mmepewa klorini ya unga, msikisie kwa kijiko. Nguvu yake ni kubwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo mwombeni afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo awapimie.

Maji ya dawa msiyamwage mtoni wala kwenye sukuma wiki. Yaosheeni vyoo, sakafu na mitaro ya ploti. Hapo yanafanya kazi ya pili na hakuna hasara.

TANO: KUJAZA NA KUPIMA

Maji yakirudi mtaani, msikimbilie kujaza. Yaacheni yamwagike kwenye ndoo za kufulia mpaka yawe meupe, ndipo mfungue valvu ya tangi. Jazeni kidogo, mwage kwa kila mfereji mpaka harufu kali iishe, kisha jazeni kabisa.

Harufu ndogo ya klorini ikibaki si mbaya. Ni askari anayelinda. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yafikapo kwa mtumiaji yawe bado na klorini kidogo, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Afisa wa afya ya umma akiwa na kifaa cha kupima, mwombeni aje apime kwenye mfereji wa mwisho ulio mbali kabisa na tangi. Huo ukiwa mzuri, ile mingine kwa kawaida ni mizuri.

Kisha pimeni kama kunavuja. Jioni fungeni kila kitu, pamoja na maji yanayoingia. Tumbukizeni fimbo safi hadi kitakoni, mweke alama maji yalipofika. Asubuhi pimeni tena. Yakishuka, kuna mahali panavuja, nanyi mpatafute.

Msidharau tone. Wekeni kikombe cha robo lita chini ya mfereji unaovuja. Kikijaa kwa robo saa, hiyo ni lita moja kwa saa, lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi. Ni sawa na mitungi 36 ya lita 20. Zidisheni kwa bei mnayouza mtungi, muone mpira mdogo wa mfereji umewala kiasi gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SITA: NI KAZI YA NANI?

Hapa ndipo miradi mingi hufa. Siku ya kuosha watu hufika ishirini. Miezi mitatu baadaye hakuna anayekumbuka. Kazi ya wote huwa si kazi ya mtu.

Tunashauri kikundi kichague watu wawili wa tangi, na katika kila mkutano watoe taarifa kama vile mweka hazina anavyotoa yake. Wawe na daftari: tarehe ya kuoshwa, kiasi cha dawa, kilichobadilishwa, na jina la aliyefanya. Tangi likaguliwe kila mwezi na kuoshwa angalau kila baada ya miezi sita, na wakati wowote maji ya rangi yakiingia, mafuriko yakipita, au likikaa tupu kwa muda mrefu. Kutoka kwa kila siku ya mauzo, kiasi fulani kiwekwe kando kwa ajili ya mifereji, dawa na fundi.

Kumbukeni pia safari ya maji haiishi mferejini. Mtungi mchafu huharibu kazi yote. Anayeteka asiingize mkono wala mpira mchafu ndani ya mtungi, na nyumbani maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kama chupa inavyoeleza.

Mama anayeleta mtungi wake kwenu hana kifaa cha kupimia. Anatazama rangi, ananusa, analipa, anaondoka. Yale mengine yote ameyaacha mikononi mwenu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Tangi letu lilibeba nini kabla halijawa letu? Nani anaweza kuthibitisha?
2. Lilioshwa lini mara ya mwisho? Je, bomba na mifereji pia?
3. Nguzo zinazolibeba zilikaguliwa na nani?
4. Maji ya rangi yakija kesho, nani ana ruhusa ya kufunga valvu na kusimamisha mauzo, hata kama foleni ni ndefu?
5. Ni watu gani wawili tutawachagua leo, kabla hatujafunga mkutano?